Mkia wa Mashua ya Tache

Tache alikufa maji katika mashindano ya kwanza ya msimu, na mkia wa mashua yake ulikuwa umekatwa kwa kisu.

Mkia ni kamba. Pale Merti, mto Ewaso Nyiro ukijaa kwa mvua za huko juu, wanachama wa klabu ya mashua huteremsha vimashua vyao vya mapipa na mbao, hupandisha matanga ya turubai, kila mtu na chake, na kushindana mpaka maji yapungue. Kila mashua huburuta kamba nyuma. Ukianguka, unashika mkia. Ukiukosa, mto unakwenda nawe.

Kuno, kaka yake, alikuwa mbele katika mashua yake mwenyewe. Aligeuka akaona mti wa tanga ukimpiga Tache kifuani na kumtupa majini. Tache aliibuka nyuma ya mashua, akanyoosha mkono kuutafuta mkia, kisha akaurudisha kama mtu aliyekumbuka kitu. Maji yakamfunika. Walimtoa kwenye matete kesho yake.

Kwenye mashua kilibaki kipande cha kamba cha urefu wa kidole, bluu yenye uzi mwekundu. Ncha yake ilikuwa safi. Kamba iliyooza haikatiki hivyo.

Kilichomla Kuno zaidi ni kwamba maneno yake ya mwisho kwa mdogo wake, asubuhi ya mashindano, yalikuwa ya kumfokea juu ya ndama wa ngamia.

"Amemaliza maziwa ya mama yake tena! Mfunge kabla hawajahama!"

"Nimfunge na nini, ndevu zako?"

"Na chochote, mjinga wewe!"

Tache alikwenda zake akicheka. Saa hiyo Zeinab, mke wa Kuno, alikuwa akikusanya ngamia kuwapeleka malisho ya mbali. Habari ya kifo ilimkuta huko, akalia huko. Ngamia hawaachwi peke yao.

Siku za kumlilia Tache zilipokwisha, Kuno alianza na Sharamo, mzee aliyelinda mashua ufukweni. Alimshika ndevu akamlaza mchangani.

"Nani alikata?"

"Wallahi sikuona mgeni. Waliogusa mashua zenu asubuhi ile ni nyinyi wenyewe."

Kuno alisikia akiambiwa kwamba amemuua ndugu yake. Aliinua kasia akalishusha juu ya mkono wa mzee. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Akaushusha tena palepale.

"Nani?"

Sharamo alitapika. Mkono ule haukunyooka tena.

Akabaki Gerishon, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, bingwa wa misimu iliyopita. Yeye ndiye aliyewauzia wote kamba zile. Na ni yeye aliyesema mbele ya watu, siku ya kupaka mashua rangi, "Nyinyi watu wa ngamia mkia wenu mrefu mno. Nikipata nafasi nitawapunguzia, labda mtakimbia." Watu walicheka. Tache pia alicheka. Sasa Kuno hakukumbuka kicheko cha mtu yeyote ila cha Gerishon.

Alimsubiri mpaka mashindano ya mwisho.

Mto ulikuwa umevimba, rangi ya chai ya maziwa. Rahab, mke wa Gerishon, alisimama ukingoni na leso mkononi, akimpigia mumewe vigelegele. Walipofika kwenye kona, Kuno hakugeuza. Aliielekeza mashua yake moja kwa moja ubavuni mwa Gerishon. Mbao zikapasuka.

"Una wazimu, Kuno?"

Kuno alimjibu kwa kasia, mdomoni. Gerishon alitema meno, akamrukia, akamng'ata shavu mpaka nyama ikabaki kinywani mwake. Walipigana kwa viwiko na magoti katika mashua inayojaa maji, hadi Kuno akamsukuma kwa miguu yote miwili.

Gerishon alianguka, akaibuka, akaushika mkia wa mashua ya Kuno.

"Kuno! Sikugusa kitu chenu! Naapa kwa watoto wangu!"

Kuno alichomoa kisu. Alimwacha akione vizuri, kisha akaikata kamba polepole, uzi baada ya uzi.

"Ndugu yangu pia alitafuta," akasema.

Vigelegele vya Rahab viligeuka kuwa kitu kingine. Leso ilianguka majini ikamfuata mumewe, nayo ikazama.

Kuno alipanda ukingo upande wa pili, akatembea kwenda nyumbani huku damu ikimchuruzika shingoni. Polisi wangekuja, na waje. Kifua chake kilikuwa chepesi kwa mara ya kwanza tangu maziko.

Nyumbani alikuta ngamia wamerudi. Zeinab alikuwa akikamua, kibuyu juu ya goti.

"Salaam aleikum, baba watoto. Uso wako umefanya nini?"

"Nimemaliza kazi ya Tache."

"Naye alimaliza yako, Mungu amrehemu." Alionyesha kwa kidevu pale ndama alipofungwa, mbali na chuchu za mama yake. "Asubuhi ile alikimbia mtoni akarudi na kitu cha kumfungia. Alisema ni kwa leo tu, hawezi kuanguka kwa siku moja. Akasema usimpigie kelele tena."

Kuno alisogea. Shingoni mwa ndama palikuwa na kamba ya bluu yenye uzi mwekundu, ncha yake safi.

Mkono mmoja wa mzee. Mume mmoja wa Rahab. Ndugu mmoja.

Kibuyu cha maziwa kilikuwa kimejaa mpaka juu.