Kidole Kidogo cha Kimya

Bibi alimfunga Kimya mgongoni kwa kanga mbili, akatokea mlango wa nyuma kama mwizi wa kuku. Chumbani alimwacha Honi amelala, mdomo wazi, ngumi zimekunjwa kama mtu anayesubiri ugomvi. Mama yao, mkwe wa bibi, aliambiwa Kimya anapelekwa kuota jua. Hata hakuinua uso kwenye cherehani.

Walikuwa pacha wa miezi kumi na moja, wasichana, sura moja. Kilichowatenganisha ni sauti. Kimya ungemwogesha kwa maji baridi akakutazama tu. Honi ukimgusa usingizini, mtaa wa pili wanajua.

Na babu yao alikuwa palepale kwa kinyozi, hatua ishirini kutoka nyumbani, akihubiri. Tangu astaafu kusoma mita za maji, kazi yake ilikuwa kuwaonyesha watu video kwenye simu: sindano ya surua ni sumu, inapumbaza watoto, na daktari hawezi kukuambia. Aliyasema hayo akichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti, akaitazama njiti, akairudisha mdomoni. Bibi alikuwa ameishi naye miaka arobaini na moja, na wiki hii ndipo alipomwona kama unavyoona unywele ndani ya mchuzi.

Watu wa chanjo walipoweka meza zao shuleni Jumatatu, mzee alipiga marufuku. Waliochanjwa walipakwa wino kidole kidogo cha kushoto, basi akasema mtoto akionekana na wino, aliyempeleka atafute pa kulala. Kila jioni kabla ya chakula aliwakagua pacha vidole kwa tochi ya simu, ameinama, kama bado anasoma mita. Badala ya chanjo aliwachemshia magome fulani, nyumba ikanuka kama soksi zilizosahauliwa ndani ya ndoo. Bibi aliyamwaga chooni. Choo nacho kikanuka vibaya zaidi.

Mwanawe, baba wa pacha, alikuwa safarini kikazi. Mkwewe alipoisikia marufuku alijibu, "Ndiyo, baba," akarudi kwenye cherehani yake. Hilo nalo lilimchukiza bibi. Mtoto wa jirani amezikwa Jumapili kwa surua, macho yamegandamana kwa usaha, na mama mzima anasema ndiyo, baba! Jumatatu hiyohiyo akawa anahangaikia malimau, eti kifua kinambana.

Na mzee naye, mtu ambaye hajawahi kumbeba mjukuu, Jumanne akamchukua Kimya, eti wakapate hewa. Alirudi ananuka mafuta ya taa. Bibi hakumuuliza. Siku hizi alikuwa hataki hata kusimama mahali upepo utakapomletea harufu yake.

Leo ilikuwa Jumatano, siku ya mwisho, na meza zingefungwa saa kumi. Bibi alikuwa amewaza asubuhi nzima. Wawili hawezi kuwabeba, mgongo umegoma. Akimwinua Honi, kelele zitamfikia mzee kabla yeye hajavuka kizingiti. Basi atamwokoa mmoja. Alipolikata neno hilo, mate yalimjaa mdomoni, akaenda kutema nje kama aliyekula kitu kilichooza. Kisha akamchukua asiyelia. Kifuani alikuwa ameficha kitambaa kilicholowa dawa ya madoa, cha kufutia wino kabla ya jioni.

Foleni ilikuwa fupi. Nesi alikuwa mwanamke mnene, amechoka, amevua viatu chini ya meza. Hakutazama nyuso za watu. Alitazama kidole, akachoma, akapaka wino, akaita anayefuata. Kina mama walitaniana kwamba hapa hata ukileta mbuzi, mradi kidole chake ni cheupe, atachanjwa.

Zamu ya bibi ikafika. Nesi akakishika kidole kidogo cha Kimya, akatulia. Hakikuwa na wino. Kilikuwa kimechubuka, chekundu, ngozi imelainika kama ya mtu aliyefua kutwa. Bibi akawahi kusema kwamba mtoto ana tabia ya kukinyonya.

Kwa mara ya kwanza nesi akainua macho, akamtazama mtoto usoni. Kimya naye akamtazama.

"Huyu akichomwa halii, sivyo, bibi?"

Bibi akamwambia atajuaje, mwanangu, na mtoto hajawahi kuchomwa hapa.

Nesi akaiweka sindano chini. Akavuta daftari, akageuza kurasa, akasema kwa sauti ya chini kwamba nyuso humpotea, wanapita mamia, lakini mtoto anayechomwa akanyamaza hamsahau. Jumatatu alimchanja, akaambiwa huyu ana pacha, mwenzake ataletwa. Jana alipomchanja mwingine naye akanyamaza, akajua ndiye huyo pacha.

"Sasa wewe umeniletea wa tatu. Kwenu walizaliwa wangapi?"

Bibi aliuliza nani aliyemleta.

"Jumatatu mama yake," nesi alisema. "Jana babu yake. Huyo aliniinamia sikioni, akaniomba nisimwambie mtu, maana ameshasema mengi mbele za watu."

Bibi akakishika kidole kile chekundu, akakumbuka malimau na mafuta ya taa.

Nesi akamwambia asiogope, chanjo ya ziada haitamdhuru mtoto. Kisha akatazama saa ya ukutani, akafunika kisanduku cha barafu, akaanza kutafuta viatu vyake kwa miguu.

"Ila nyote watatu mmemleta huyu asiyelia," alisema. "Basi yule mwenzake ni wa nani?"