Mizani Kwenye Mkuyu

Mshale wa mizani ulisimama kwenye kilo sita na nusu. Nikainama kuandika kwenye kadi. Nilipoinua macho ulikuwa umefika saba, na hakuna aliyemgusa mtoto.

"Ona, nesi!" mama yake akacheka. "Kibonge wangu anaongezeka huku tunamtazama!"

Foleni nzima ikaangua kicheko kivulini. Mkuyu huu niliupanda mwenyewe kliniki ilipofunguliwa, nikaumwagilia maji ya kunawia mpaka ukazoea jua. Nilijivunia ndege wanaofuata matunda yake. Sikuwahi kujiuliza nani anawafuata ndege.

Nyoka wa kijani alikuwa ameshuka kutoka kwenye tawi lililoning'iniza mizani, amejizungusha kwenye ndoano iliyobeba mfuko aliomo mtoto. Kichwa chake kilining'inia juu ya utosi wa Kibonge, pale panapodunda.

Mmoja tu akipiga kelele, tumekwisha.

"Jamani, tulieni, mnanichanganya," nikasema. "Mama Kibonge, rudi nyuma kidogo, unanizibia mwanga."

Akarudi, bado anacheka.

"Saba," nikasema kwa sauti yangu ya kila siku, nikanyoosha mkono taratibu.

Kibonge naye akakiona kile kitu cha kijani, akanyoosha wake.