Wenzo Mwekundu

Babu yangu aliiwasha taa ya lango la nyota, baba yangu akailinda vitani, nami nikairithi bila doa. Merikebu hupita langoni kwa mwanga wake tu, na katika ukoo wetu hajazaliwa mtu wa kuizima. Kwa heshima hiyo, kila mwaka tuliupaka rangi nyekundu wenzo wa kuizimia taa hiyo, wala hatukuuvuta kamwe.

Asubuhi hii merikebu za vita zilianza kuchomoza langoni, moja baada ya nyingine. Mjukuu wangu alivua vipokea sauti masikioni, uso umesawijika.

"Babu, wanasema wanarudi kwenye koloni lao. Eti waliuteka mji huu katika vile vita vikuu."

"Vita vile tulishinda sisi, mjukuu wangu."

"Huku kwetu, ndiyo. Huko walikotoka, kwenye dunia nyingine kama hii, tulishindwa. Wanauliza kwa nini watumwa hatujapanga mstari bandarini."

Nikatamka neno ambalo wazee wangu hawakulitamka: "Zima."

Aliuvuta wenzo. Haukusogea. Akauning'inia kwa uzito wake wote, kucha zikabandua ganda la rangi. Chini yake rangi nyingine, na nyingine, nene kama gome, imeshika bawaba yote.

"Babu, mmeupaka mpaka umegandamana na ukuta!"

Dirishani, merikebu ya kwanza ilikuwa imeanza kuziba jua.

Nikawageukia wajukuu waliojazana mlangoni.

"Mnanitazama nini? Heshima yangu mtaililia baadaye. Leteni nyundo, na leo mnisikie: ivunjeni taa!"