Mzizi wa Kwenda

Profesa Sadashivan alikuwa amefumba mdomo kama mtoto. Vidonge vya asubuhi havipiti mpaka Généreuse aseme maneno yake.

"Gacchati," alisema Généreuse, glasi ya maji mkononi. "Anakwenda. Haya, fungua mdomo."

"Na mzizi wake?"

"Gam. Kwenda. Profesa, nina wazee kumi na mmoja wananisubiri!"

Akafungua. Alikuwa amefundisha Kisanskriti chuo kikuu miaka arobaini, na sasa, katika nyumba ya wazee ya Toongabbie, ughaibuni, mwanafunzi aliyebaki alikuwa huyu mama wa Uvira anayemwogesha. Mwanafunzi mwenyewe alikuwa ameshanogewa. Ukitia ā mbele ya kitenzi hicho, anayekwenda sasa anakuja: āgacchati. Ukitia ava, anaelewa. Ukitia sam, watu wanakutana.

"Yote hayo ni kwenda huku huku kumoja? Jamani!" Généreuse alicheka.

Naye kwa shukrani alimhesabia hatua kwa Kiswahili walipofanya mazoezi ya nyonga kwenye korido. Moja, mbili, tatu. Profesa alirudia kila namba kwa sauti, na akikosea alitaka waanze upya.

Alhamisi hiyo hakuwa na raha. Mkewe, Kamakshi, alikuwa anatunzwa kwenye nyumba nyingine ya wazee, Seven Hills, kituo kimoja tu kwa treni. Leo alikuwa anatimiza miaka themanini.

"Tangu nianguke, hawaniruhusu kutoka peke yangu," alisema. "Na meneja anasema leo hakuna mtu wa kunisindikiza. Labda Jumatatu. Jumatatu atakuwa na themanini na siku nne."

Roho ilimuuma Généreuse. "Pole, Profesa wangu. Ningekubeba mgongoni."

"Wangekufukuza kazi."

"Siku hiyo hiyo!"

Walicheka, ila macho ya Profesa yalikuwa yanalengwa na machozi.

Mlango mkubwa ulifunguliwa kwa namba za siri, na sheria ilikuwa kali: namba zisitajwe mbele ya wazee, wasije wakatoka wakapotea. Kubwimana wa kufua nguo, Mrundi asiyeshika hata namba ya simu yake, alikuwa amekwama pale na toroli la mashuka.

"Dada Généreuse! Wamebadilisha tena?"

"Sita, mbili, mbili, nane!" alimjibu kwa Kiswahili, kwa sauti, kutoka upande wa pili wa ukumbi, bila hata kugeuka. "Shika basi, kaka, kila siku mimi!"

Profesa alikuwa amesinzia pale ukumbini mbele ya televisheni.

Saa nane Généreuse alimpelekea chai. Kiti kitupu. Chooni hayupo, bustanini hayupo. Kofia haipo, wala fimbo.

"Yesu wangu!"

Alikimbilia mlangoni. Haukuvunjwa, na kengele haikulia. Nani kamfungulia? Alirudi chumbani kwa Profesa, akajiona ameshaitwa ofisini na kazi imekwisha.

Ndipo alipouona, juu ya kitanda, ubao mdogo waliouandikia masomo yao. Profesa alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa kuvutia:

Nirgacchati: anatoka.
Saṃgacchate: anakutana na mkewe.
Āgacchati: anarudi, saa kumi, usiogope.

Na chini kabisa, kwa Kiswahili kitupu: Sita, mbili, mbili, nane. Asante, mwalimu.