Kabureta ya Sheria

"Hapo hapo! Usifungue kitu mpaka nisogee nione."

Spana ya fundi ikasimama hewani. Mteja akavuta kigoda, akaketi karibu mpaka magoti yakagusa injini. Tumwite Koti, maana alivaa koti zito la ngozi na hakulivua hata kwa jua lile la saa nane mchana.

Koti aliwajua mafundi. Unawapelekea pikipiki nzima, wanakurudishia fremu na pole. Leo hakuna wa kumchezea.

Asubuhi alikuwa ameangushwa kwenye ukaguzi wa moshi. Mkaguzi alichungulia ubavuni mwa injini mara moja tu, akaguna. Pikipiki ya zamani namna ile ilitoka kiwandani na kabureta ya kubana moshi, ile ambayo skrubu yake ya kurekebishia mafuta imezibwa kwa kizibo cha shaba ili mtu asiichezee. Iliyofungwa pale ilikuwa ya wazi, ya wapenda mbio. "Rudi na kabureta ya sheria kabla ya saa kumi," mkaguzi alisema. "Mji huu anayo mtu mmoja tu." Ndipo akamwelekeza hapa.

Na mnunuzi wa pikipiki naye alishasema: cheti leo leo, au tusijuane. Koti hakuwa na kesho ya kungojea. Chumba ameshakirudisha, tiketi ya basi la alfajiri iko mfukoni, na maisha yote ya huko aendako yalitegemea pikipiki hii moja iuzwe.

Sasa huyu fundi alimtia wasiwasi tangu mwanzo. Hakuuliza ni ya mwaka gani, wala toleo gani. Aliizunguka mara moja, akapitisha kiganja chini ya kiti, akasema, "Rangi nzuri. Umepaka mwenyewe?"

"Imekuja hivyo."

"Haya."

Akapanda stuli, akashusha kutoka rafu ya juu kabisa furushi la shati kuukuu. Ndani yake mlikuwa na kabureta, safi, imepakwa oili. Koti akainyakua, akainusa, akaitikisa, akakikwaruza kizibo cha shaba kwa ukucha. Kizima. Ebo! Nani anatunza kabureta kama kitoto kichanga?

"Umeitoa wapi?"

"Kwenye pikipiki."

"Ya nani?"

"Ya mtu."

Ya wizi hii, Koti akajisemea. Mchana kweupe, bila hata haya! Lakini saa zilikuwa zinakwenda, akamrudishia.

Fundi akachomoa ufunguo wa pikipiki na kuutia mfuko wa shati.

"Wa nini tena huo?"

"Isije ikawashwa mafuta yakiwa wazi, bwana. Tutaungua sote."

Sababu ilikuwa ya maana, na ndiyo iliyozidi kumkera. Alikodoa macho bila kupepesa. Akaona mkono wa fundi ukienda kufunga koki ya mafuta, ile koki yenye kichaa inayofungwa kinyumenyume, ambayo yeye mwenyewe ilimsumbua mwezi mzima. Fundi aliifunga huku anatazama pengine.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Mke wa fundi alitoka na glasi ya maji, akafika katikati ya uwanja, akasita. Maji yakamwagikia miguuni mwake.

"Mume wangu, mbona..."

"Nimeona," fundi alimkata, bila kuinua kichwa. "Kamwite kaka yako. Mwambie aje na wenzake, kuna kitu cha kunyanyua."

Pikipiki moja, inanyanyuliwa na ukoo mzima? Koti jasho likamtoka. Alishaelewa mchezo wao: watakuja vijana wanne, huyu atamsemesha, yule atamwangushia bisibisi, na akigeuka tu, plagi imekwenda, betri imekwenda. Ile kabureta ya wazi ilipotolewa tu, aliidaka na kuisokomeza ndani ya koti, petroli ikamchuruzika tumboni. Afadhali anuke.

Kabureta ya sheria ikaingia mahali pake bila kusukumwa. Hata alama ya duara iliyokuwa kwenye mpira wa hewa ililingana nayo. Fundi akafunga skrubu mbili, akafungua koki, akauchomeka ufunguo, akapiga kiki moja. Injini ikanguruma taratibu, moshi hauonekani. Mungu mkubwa! Koti alitaka kucheka. Saa tisa na robo. Cheti atakipata, na basi atalipanda.

Fundi akazima. Ufunguo ukarudi mfukoni mwake.

"Nipe huo ufunguo, nisichelewe bure."

"Utapewa." Fundi alikuwa anajifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. "Ila mashine kama hii siku hizi haipatikani. Wewe uliipataje?"

Koti alikuwa na jibu la siku zote, lile linalowafunga watu midomo.

"Urithi. Ya marehemu mjomba wangu."

"Pole sana. Alikuachia yeye mwenyewe?"

"Kwa mkono wake. Siku mbili tu kabla hajakata roho, alinishika hivi, akasema mwanangu, itunze."

"Maskini. Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mtu wa watu," alisema Koti, na sauti ikamtetemeka vizuri kabisa. "Hana mfano. Mpaka leo namlilia."

Shemeji wa fundi na wenzake wakaingia, geti likafungwa nyuma ya Koti, na komeo likasukumwa. Fundi akatundika tambara kwenye msumari, akageukia mlango wa nyuma.

"Mama watoto," aliita, "njoo umsalimie mpwa wetu. Amekuja kututaarifu kwamba nilikufa."