Posa ya Nchi ya Hatari

Kufuli la tatu lilikataa kuingia kwenye zipu ya begi. Fundi wa kufuli akalipaka mafuta, akalisukuma kwa kidole gumba mpaka likaingia. Funguo akazitunga kwenye uzi, akauvaa shingoni, ndani ya fulana.

"Hilo begi lina nini cha kuibiwa?" mkewe aliuliza. Alikuwa ameketi kitandani, akishona mfuko wa siri ndani ya gauni lake. "Suruali mbili na taulo?"

"Mwizi atajuaje? Tahadhari kabla ya hatari, mama watoto."

Kesho yake walikuwa wanavuka mpaka. Kitinda mimba wao alikuwa amempenda binti wa nchi jirani, na tayari alikuwa ametangulia huko kusubiri wazazi wake wapeleke posa. Nchi yenyewe ndiyo hiyo inayosemwa kwa wizi. Kinyozi alidai kwamba huko wanakuvua viatu huku unatembea. Muuza magazeti naye aliapa kwamba huko hata mbwa hawatoki nje peke yao. Wote wawili hawakuwahi kufika, lakini lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Baada ya harusi, kijana angeishi hukohuko. Hilo ndilo lililomnyima fundi usingizi. Alikuwa ameshatamka, na mkewe alijua kwamba akitamka hageuki: akiona kwa macho yake dalili moja tu ya wizi, anarudi na posa yake. Hakulea mtoto ili aje aliwe na majambazi.

"Na hapa kwetu je?" mkewe alisema. "Wiki iliyopita si wamebeba mlango mzima wa kibanda chako, na kufuli limefungwa vilevile?"

"Hao ni vijana wetu. Tunajuana."

Simu ikalia. Alikuwa baba wa binti. Fundi akaongeza sauti ili mkewe naye asikie.

"Mkwe mwenzangu, mnakuja wangapi?"

"Sisi wawili tu, mimi na mama."

"Wawili tu? Hakuna wengine wanaofuata nyuma?"

"Hakuna."

"Haya, vizuri. Ila jitahidini mfike mchana, jua likiwaka. Na msiitafute nyumba wenyewe, tutawapokea stendi. Nitakuja na shemeji yangu, ni askari mstaafu. Kuhusu kulala msijali, tumewachukulia chumba hotelini."

Fundi alikata simu huku uso umemng'aa.

"Umesikia? Mwenyewe anaijua nchi yake. Ametuwekea mpaka askari! Huyo ni muungwana."

Mkewe alivuta uzi mwingine, akaanza kushona mfuko wa pili.

Stendi walipokelewa kama ilivyoahidiwa. Askari mstaafu, pande la mtu, alimkumbatia fundi kwa muda mrefu, mikono ikaanzia kwapani na kushuka taratibu hadi kiunoni, kisha ikampapasa mgongo. Fundi alijisikia kupendwa. Hata ndugu zake wa tumbo moja hawakuwahi kumkumbatia hivyo. Baada ya hapo yule askari akalichukua begi, akalipima uzito mkononi, akayatazama makufuli matatu, kisha akamtazama baba wa binti. Baba wa binti akakohoa na kuwaonyesha gari.

Nyumba ilikuwa kubwa, lakini sebule iliwatia huzuni. Viti vilikuwa vya plastiki, na chai ikaja kwenye vikombe vya plastiki. Ukutani palibaki msumari na alama ya duara, bila saa. Juu ya meza ndefu palikuwa na mahali pasipo na vumbi, na waya ulining'inia pembeni ukiwa haujachomekwa popote.

"Maskini," fundi alimnong'oneza mkewe. "Wamesombewa mpaka televisheni."

"Nimeona."

"Na hawasemi. Wanaona haya."

Alimtazama mwanawe aliyekaa mkabala naye, karibu na yule binti. Binti alikuwa mpole, mwenye macho ya kucheka, na kijana alikuwa amevaa shati jipya lililompwaya mabegani. Fundi alimwonea huruma kiasi cha kutaka kulia. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na ushahidi ulikuwa mbele yake.

Akasimama. Vikombe vikatulia.

"Wakwe zangu," alisema, "mmetupokea vizuri mno. Binti yenu nimempenda, na nyinyi nimewapenda. Lakini mimi ni mzazi. Nikitazama humu ndani, naona jambo ambalo siwezi kulifumbia macho. Kwa hiyo, kwa uchungu mkubwa, hii posa..."

Pembeni, bibi yake binti alikuwa ameketi kimya tangu mwanzo, khanga imemfunika hadi masikioni, masikio yenyewe hayasikii vizuri. Akamvuta shati mwanawe, baba wa binti, na kumsemesha kwa siri, siri ya mtu asiyesikia, iliyofika mpaka barabarani:

"Baba, hawa watu wa nchi ya wezi wanaondoka saa ngapi? Mnitolee televisheni yangu chini ya kitanda, taarifa ya habari inanipita!"