Njaa ya Fustuq

Safari hii Fustuq alikula sabuni. Irini alimkuta bafuni akilamba midomo, povu limemjaa puani. Kabla hajamshika, mbwa alichomoka, akazunguka meza ya chakula mara tatu, akapanda kochi, akashuka, akaenda kukwaruza mlango wa roshani kana kwamba nyumba inaungua.

"Tulia basi, shetani we!"

Pale roshani, Ustadh Wadii, baba yake Irini, alikuwa amejikunyata kitini ndani ya koti la sufu. Hakugeuka. Tangu amzike mkewe mwezi wa Novemba, mwalimu huyu mstaafu alikuwa mzito wa neno na mwepesi wa kusinzia. Angalau yeye hakumpa binti yake taabu.

Taabu ilikuwa mbwa. Kabla ya Krismasi alikuwa mnene na mvivu, wa kulala juani mpaka ahamishwe kwa mguu. Sasa mbavu zilihesabika. Alihema mchana kutwa, alinywa maji bila kukata kiu, na juzi alirarua suruali ya mwuza mkate, mtu aliyemjua tangu akiwa mdogo wa kubebwa kapuni.

"Irini," alimwita Mama Bishoi wa ghorofa ya chini, "Kwaresima ni yetu sisi Wakristo. Mbwa naye umemfungisha?"

Irini alicheka, lakini neno lilimkaa. Ilikuwa wiki ya tano ya saumu. Nyumbani hapakuwa na nyama, maziwa wala yai, na mbwa alikula masalio: mkate, dengu, maharage ya ful ya jana.

Akampeleka kwa Nihal, daktari wa mifugo.

"Anataka nyama," daktari alisema. "Kuku wa kuchemsha, wali, karoti kidogo. Usitie kitunguu, ni sumu kwake."

Hosni, mwuza kuku wa pale mtaani Ibrahimiya, alishika kiuno alipomwona. "Kuku wakati wa saumu, Bi Irini?"

"Wa mbwa."

"Wote husema hivyo."

Kwa wiki mbili Irini alichemsha kuku huku amegeuza uso kando, asije akatamani. Fustuq alikula vya harusi, na akazidi kukonda. Asubuhi moja alimrukia njiwa aliyetua dirishani, nusu ya mwili ikawa nje, ghorofa ya tatu. Irini alimdaka miguu ya nyuma. Akakaa sakafuni amemkumbatia, hajui moyo unaodunda vile ni wa nani.

Ulikuwa wa mbwa. Daktari Nihal aliusikiliza kwa muda mrefu.

"Unakwenda kama cherehani. Hivi hafiki kiangazi."

"Kuku nampa! Wali nampa! Kitunguu sitii!"

"Basi kuna kingine anachokula, na anakila kila siku. Nimeona mbwa wa machinjioni namna hii, wanaolishwa koo mbichi za ng'ombe. Nyumbani kwenu nani mwingine anamlisha?"

Irini alirudi mtaani amefura. Alianza na Hosni, mbele ya wateja.

"Naapa kwa talaka ya mke wangu," Hosni alisema, mkono kifuani, "sijampa hata ukucha."

Mama Bishoi ndiye aliyeudhika zaidi. "Mimi nina mwezi sijaonja nyama, nije nimpe mbwa wako? Toka hapa!"

Asubuhi iliyofuata Irini alifanya kama kila siku. Alipasha ful, akaiponda mwenyewe kwa bizari na ndimu, akamwekea baba yake sahani mezani. Akachukua mkoba. Akaaga kwa sauti. Kisha akafungua mlango wa mbele, akaufunga kwa kishindo, akabaki ndani, nyuma ya pazia la jikoni. Alitaka kuona mbwa atakimbilia dirisha gani, ni nani atakayemtupia kitu kutoka chini.

Fustuq hakukimbilia dirisha lolote. Alikwenda moja kwa moja chini ya kiti cha mzee, akakaa, udenda ukimchuruzika.

Ustadh Wadii aliutazama mlango. Akangoja kidogo. Kisha, polepole, akaishusha sahani sakafuni.

"Haya, mzee mwenzangu. Kula."

Sahani ilikuwa imelambwa nyeupe kabla Irini hajafika mezani.

"Baba! Tangu lini?"

Mzee alishtuka kama mwanafunzi aliyekamatwa akiibia mtihani. Siku hizi sauti yake ilikuwa nzito, ya kukwaruza, na maneno yalimtoka moja moja.

"Tangu ulipoanza kunipikia wewe. Ful yako chungu, mwanangu. Ya marehemu mama yako haikuwa hivyo. Nikaona nikikwambia nitakuvunja moyo. Mimi mkate unanitosha."

Irini aliushika mkono wake. Ulikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Alimtazama usoni, kwenye zile kope zilizovimba ambazo siku zote alidhani zimevimba kwa kumlilia mkewe. Mbele ya jeneza mzee aliapa kwamba hatameza tena dawa ya daktari yeyote. Na tangu wiki ile, kila alfajiri, bintiye alikuwa akimsagia kidonge chake cha tezi ya shingo, kile ambacho bila hicho, waliambiwa, moyo wake ungezidi kupunguza mwendo mpaka usimame, na kukichanganya ndani ya sahani ile.

"Vaa viatu, Baba," alisema. "Tunakwenda hospitali, sasa hivi."

Mzee aliinuka kwa shida, akiegemea meza, na akainamia chini ya kiti kwa wasiwasi.

"Masikini," alisema. "Mbwa kazidiwa?"